Gumzo la Familia: Mvua Imeshuka, Chiswa (Kumbikumbi) Ziko Karibu

Mjukuu: Mulembe Kukhu, mulembe nyote. Tunafika Ijumaa. Watoto wanataka kutega chiswa za mchana, zile za kupigiwa vijiti. Tubebe nini?

Kukhu (bibi): Mulembe muno. Blanketi zito. Fito, ubao mkavu na majani ya mgomba viko huku. Uteo, ungo wa kupepetea, ninao.

Khotsa (mjomba): Na blanketi lisiwe na tundu! Chiswa hufuata mwanga. Zikiona tundu juu zinapanda huko zote, zinaruka, na watoto wanabaki kuzisindikiza kwa macho zikielekea kwa jirani.

Senje (shangazi): Kwanza mkague kichuguu. Mkiona vitundu vipya, udongo mbichi na mchwa askari wamesimama mlangoni, ziko tayari. Kama juu pamekauka na nyasi zimeota, hapo mtapiga mpaka giza liingie.

Mjukuu: Kibanda kinajengwaje?

Khotsa: Chomeka fito kuzunguka vile vitundu, zipinde zikutane juu, kimo cha goti kinatosha. Funika blanketi, kingo zake uzikandamize kwa udongo. Ndani kuwe giza tororo. Acha uwazi mmoja tu, chini, upande wa jua. Hapo kwenye uwazi chimba shimo la kina cha mkono mpaka kiwiko, ulitandike jani la mgomba.

Mjukuu: Kwa nini jani na si gunia?

Khotsa: Kwenye gunia zinashika nyuzi na kupanda. Jani linateleza. Zikishajaa mle ndani, mabawa yananasana na hakuna inayoruka.

Senje: Tandika mawili yapishane. Jani likipasuka zinajipenyeza chini yake na kurudi udongoni, shimo unalikuta tupu.

Kukhu: Sasa vijiti. Huko kupiga ni kuiga mvua. Ubao ulale juu ya kichuguu, mpige mapigo mepesi, ya haraka, yasiyokatika. Msipige udongo wenyewe, vitundu vitaziba. Mpigaji akichoka, mwingine adake mdundo kabla haujanyamaza. Na wasicheke. Wakicheka mdundo unapotea.

Senje: Kukhu, kutocheka ndiyo kazi ngumu kuliko zote 😂 Kila mara kuna mmoja aliyepewa kushika ukingo wa blanketi, askari anamng'ata kidole cha mguu, anaruka juu na blanketi lake. Giza limekwisha, chiswa hewani, na wenzake wamelala chini kwa kicheko.

Khotsa: Wavae gambuti. Askari aking'ata, usimvute kiwiliwili, kitakatika na kichwa kibaki kimeuma. Bana kichwa chenyewe.

Mjukuu: Na zile za usiku?

Khotsa: Hizo ni rahisi. Taa juu, beseni la maji chini. Lakini hazina utamu wa ngoma.

Mjukuu: Kile kichuguu kikubwa cha mpakani je? Watoto wameshakichagua kwenye picha.

Kukhu: Hapana. Hicho ni cha boma la pili. Kichuguu kina mwenyewe kama mti wa matunda. Mkikitaka, muombe kwanza, na mkimaliza mpeleke bakuli lililojaa.

Mjukuu: Sawa Kukhu. Tukishazipata, jikoni?

Kukhu: Sufuria kavu, moto mdogo, mafuta msitie hata tone. Chiswa zina mafuta yake. Koroga bila kuacha mpaka mabawa yawe makavu na kukatika, kisha epua, zipoe, upepete kwa uteo nje, mgongo kwa upepo. Ukipepeta zikiwa na unyevu mabawa yanagandamana na miili na utayatoa moja moja mpaka usiku. Zirudishe motoni, nyunyiza maji ya chumvi kidogo, kaanga mpaka zilie kama mahindi ya kukaanga. Za kuweka, anika juani mpaka zikauke kabisa. Ikibaki na unyevu, mafuta yake yanachacha na harufu inajaa nyumba.

Senje: Na wale watakaozila mbichi njiani wakisema hawajagusa, mwangalie midomo. Bawa hung'ang'ania mdomoni.

Kukhu: Waacheni wale, ila chache. Tumbo la mtoto likishiba chiswa mbichi, usiku hamtalala.

Khotsa: Mimi chiswa nazipendea usawa. Ingokho, yaani kuku, ikichinjwa, imondo, ile firigisi, ni ya mwenye boma, na asipokuwepo inawekwa mpaka arudi. Mtoto anajua kabisa firigisi si yake. Chiswa hazina imondo. Aliyeng'atwa kidole anachota sawa na mzee, na mara nyingi anachota kwanza.

Senje: Kweli kabisa. Na ugali wa wimbi uwe tayari.

Mjukuu: Tutegemee siku gani?

Kukhu: Jana usiku imenyesha kubwa. Ikinyesha tena Alhamisi, na Ijumaa jua likatoka, ni hiyo hiyo Ijumaa. Msichelewe njiani.

Mjukuu: Nimeliinua blanketi letu dirishani. Naona matundu matatu.

Kukhu: Shona leo. Kiraka cheusi.

Khotsa: Kisha uliinue tena.