Mjamzito wa wiki 22 yuko mahabusu Mwanza: tuanzie wapi?

Msaidizi wa Kisheria, Igoma

Habari wadau. Kuna mama yuko mahabusu hapa Mwanza, mimba ina kama wiki 22. Dhamana imekwama kwa sababu mdhamini wa pili hana kitambulisho. Kesi inatajwa tena wiki ijayo. Kadi yake ya kliniki imebaki nyumbani na tumbo bado halijajitokeza sana. Ndugu wanauliza: anastahili huduma gani akiwa ndani, ni kweli atajifungua na pingu, na je, mimba inabadilisha chochote mahakamani? Naomba majibu ya kufanyia kazi.

Mkunga, Kirumba

Kadi kwanza. Pigeni picha kurasa zote, kisha ipelekwe leo hii, na ifike mikononi mwa mhudumu wa zahanati ya gereza, isiishie getini pamoja na sabuni na ndala. Bila kadi haijulikani damu yake ni kundi gani, kaswende na VVU vilipimwa lini, wala SP (dawa ya kukinga malaria) amemeza mara ngapi. Wiki za mimba nazo zinabaki za kukisia, na makisio yakipishana kwa mwezi mzima, mama anaambiwa "bado" huku uchungu ni wa kweli.

Shirika la Afya Duniani linataka mahudhurio 8: wiki ya 12, 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Kwake linalofuata ni la 26. Kila hudhurio presha ipimwe na mkojo uangaliwe protini. Presha ikifika 140/90 asirudishwe chumbani na Panadol, apelekwe hospitali.

Kwa ukanda wetu huu wa ziwa malaria ndiyo adui wa karibu. SP ni vidonge 3 kwa mkupuo, anameza muuguzi akimwona, dozi hadi dozi angalau mwezi mmoja, na zisipungue 3 kabla ya kujifungua. Anayetumia Septrin kwa ajili ya VVU hapewi SP. Na anayemeza SP asipewe vitamini ya foliki ya miligramu 5, maana inaipunguza SP nguvu. Ile ya 0.4 iliyomo kwenye kidonge cha kuongeza damu haina shida. Halafu ulizeni kama chandarua kina mahali pa kufungwa. Kikikunjwa kikawa mto, mbu hawamwogopi.

Damu: kidonge cha madini ya chuma kila siku, asikimeze na chai wala asinywe chai juu ya maharage, aache walau saa nzima. Chakula cha nje kikiruhusiwa, pelekeni dagaa na machungwa. Kama anatoka visiwani au mwaloni wanakoshusha samaki, aulizwe kuhusu kichocho. Dawa yake, prazikwanteli, inaruhusiwa miezi mitatu ya kwanza ikishapita.

Kama ana VVU, dawa hukatika pale anapohamishwa kutoka kituo cha polisi kwenda mahakamani na kisha gerezani, kwa hiyo namba yake ya CTC (kliniki ya VVU) iende na kadi. Na kidonge cha VVU chenye dolutegraviri kisimezwe pamoja na cha madini ya chuma tumbo likiwa tupu. Ama avimeze vyote pamoja na chakula, ama dolutegraviri itangulie kwa saa 2.

Wakili, Nyamagana

Mahakamani msiende na maneno matupu. Pateni barua ya kituo cha afya yenye wiki za mimba, tarehe ya makadirio ya kujifungua na hatari yoyote iliyoonekana. Siku ya kutajwa mpeni hakimu, mwombe masharti ya dhamana yalegezwe, na ombi lenyewe liandikwe kwenye mwenendo wa kesi. Mdhamini mbadala awepo siku hiyohiyo na barua ya serikali ya mtaa. Niseme wazi: mimba haifuti shtaka, na kwa kosa lisilo na dhamana kisheria haiifungui dhamana.

Akitiwa hatiani, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inaruhusu adhabu ya nje pale kifungo kisipozidi miaka 3, kwa ridhaa yake na baada ya ripoti ya afisa husika. Liombeni kabla adhabu haijasomwa. Ikishasomwa, hapo ni rufaa. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ibara ya 30, unataka mahakama ifikirie kwanza adhabu isiyo ya kifungo kwa mjamzito.

Pingu: Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, yaani za Bangkok za 2010 (kanuni ya 24) na za Mandela (ya 48), zinazikataza wakati wa uchungu, kujifungua na mara baada yake. Ulinzi wake ni wa askari wa kike. Mwandikieni mkuu wa gereza mapema, nakala kwa mganga mfawidhi wa hospitali atakayojifungulia.

Mkunga, Kirumba

Kwenye barua hiyo wekeni na sababu ya kitabibu. Kichwa kikitoka halafu mabega yakakwama, mkunga ana dakika chache sana: anakunja magoti ya mama mpaka yaguse tumbo. Mguu uliofungwa kwenye chuma cha kitanda haukunjiki. Vivyo hivyo kwa kifafa cha mimba, mama anatakiwa alazwe kwa ubavu papo hapo. Muda wa kumtafuta mwenye ufunguo haupo.

Msaidizi wa Kisheria, Igoma

Asante sana. Na uchungu ukianza usiku, baada ya lokapu, vyumba vikishafungwa?

Mkunga, Kirumba

Hapo ndipo mtoto anapoweza kupotea. Vitu vitatu vikutane kwa wakati mmoja: funguo, gari na askari wa kike. Kufikia wiki ya 36 iandikwe nani ana kipi zamu ya usiku, na simu ya wodi ya wazazi ibandikwe ofisini. Wenzake wa chumbani wafundishwe dalili za kugonga mlango: damu, chupa kuvunjika, kichwa kikali na maluweluwe, uso kuvimba, degedege, mtoto kuacha kucheza. Mfuko uwe tayari zahanati: khanga 4, pamba, glovu, nguo za mtoto na nakala ya kadi.

Akijifungua, msiondoke bila tangazo la kizazi, ile karatasi ya kuombea cheti cha kuzaliwa. Cheti cha mtoto kisitaje gereza. Hilo limo kwenye Kanuni za Mandela, ya 28.