Watafsiri wa sizoni za upelelezi, huyu mama HANA MAJINI!

Wakuu, heshima kwenu. Nimekereka na leo siwezi kunyamaza.

Nimeenda banda la muvi Kirumba, hapa Mwanza, kuwekewa High Potential kwenye flashi. Nikaomba isiyotafsiriwa, jamaa akasema hana, wateja hawaitaki. Nikachukua hiyohiyo.

Kwa wasioijua: ni sizoni ya Marekani, ilianza Septemba 2024, imetokana na ile ya Wafaransa ya 2021 inayoitwa HPI. Morgan Gillory, mama wa watoto watatu, anafanya usafi usiku kwenye ofisi za polisi Los Angeles. Upelelezi hajasomea, cheo hana, mdomo hauna breki, ila IQ yake ni 160 na jicho lake halipitwi na kitu. Mwanzoni kabisa yuko kazini anacheza muziki, anapiga kumbo faili, karatasi zinamwagika. Anaziokota huku anasoma. Anautazama ubao wa ushahidi, halafu pale mwanamke mmoja alipoandikwa mtuhumiwa, anakata, anaandika mhanga. Mtu wa chini kuliko wote mle ndani kaona kilichowapita wenye vyeo!

Sasa sikia mtafsiri wetu. Mama kasimama mbele ya ubao, na wewe mtazamaji unataka kuutazama, yeye anapaza sauti: "Hapo majini yameshapanda, anaoneshwa muuaji!" Mama akianza kueleza amejuaje, jamaa anawasalimia washikaji zake wa Igoma na kutaja namba ya simu ya oda. Akimaliza, maelezo yamepita. Na muuaji anamtaja mara tu sura yake inapotokea! Tunabaki tunatazama nini?

Lakini hilo la majini ndilo lililonichoma. Jamani, hii ni Kanda ya Ziwa. Bibi zetu wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kama wanyama. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, mnadhani ilikuwa kwa raha tu? Inakuja hadithi ambayo muuaji anapatikana kwa kutazama, kuuliza na kulinganisha, wewe unaigeuza ramli. Vibanda umiza vimejaa vijana wa Mwaloni na watoto wa shule. Wanatoka mle wakiamini mwanamke akiwazidi polisi akili, basi ana kitu nyuma yake.

Kutafsiri sipingi. Mama yangu Kiingereza hajui na anazipenda sana hizi sizoni. Tafsiri wanachosema, wakinyamaza na wewe nyamaza. Muuaji tuachie tumtafute wenyewe.

Mwenye kujua banda hapa Mwanza, iwe Buzuruga, Mabatini au Nyegezi, wanaoweka zenye maandishi ya Kiswahili chini, anielekeze. Hata wakitoza mara mbili nitalipa.