Naomba ushauri: maji ya kuoga kuflashi vyoo, ghorofa 12 kwenye kiwanja cha kiwanda cha zamani

Wakuu, habari. Jengo ni la vyumba 96 vya mtu mmoja mmoja, 8 kila ghorofa, jiko moja la pamoja, Barabara ya Nyerere, Dar. Kiwanja kilikuwa cha kuyeyushia betri.

Maji ya kuoga, lita 40 kwa mtu, yanatoa kama lita 3,840 kwa siku. Vyoo vya lita 6, mara 5 kwa mtu kwa siku, vinakula 2,880. Kwa hiyo tangi nimeliwekea lita 3,000 tu. Maji hayo yakilala zaidi ya saa 24 yananuka, na nywele na povu la sabuni huziba vali za kuelea (zile zinazofunga maji tangi likijaa). Maji ya jikoni siyachanganyi, mafuta yataua chujio.

Tangi likiwa juu, mita 36, ghorofa ya chini inapata presha ya karibu bar 3.5. Niweke tangi la kati ghorofa ya 6, au vali za kupunguza presha? Vali naziogopa kwa uchafu.

La pili: nguzo za msingi zikichimbwa, udongo wenye risasi (lead, metali ya sumu ya kwenye betri) unapanda juu. Mnaupeleka wapi kihalali? Shimo la kunyonya maji ya mvua nimeshalifuta, lisije likasukuma sumu chini.