Ploti ya maduka chini na vyumba juu: Msabaha, Ganda au Mambrui?

Mfurunzi
Salaam aleikum wanabaraza. Nataka kununua ploti nje kidogo ya mji wa Malindi nijenge maduka chini na vyumba vya kupangisha juu. Nimeonyeshwa tatu:

1. Msabaha, ndani ya mradi mpya wa kampuni. Wanasema utakuwa mtaa kamili: nyumba, maduka, shule, msikiti. Milioni moja na laki mbili.
2. Upande wa Ganda, shamba la mtu lililokatwa ploti. Laki saba.
3. Mambrui, karibu na barabara ya kwenda Garsen. Laki tano na nusu.

Nataka panapokua haraka na penye njia nzuri. Wa Msabaha wanataka fungu la kwanza kabla ya mwisho wa mwezi. Nichukue ipi?

KambaNaBikoni
Wa aleikum salaam ndugu yangu. Umetupa bei tatu, na bei peke yake haimwezeshi mtu kukushauri. Kwa kila ploti tuambie: ukubwa kwa hekta kama ulivyoandikwa kwenye hati, hati ni ya ploti yenyewe au bado ni hati mama, yaani ile ya shamba zima kabla halijakatwa, njia ya kuingilia ina upana gani kwenye ramani ya serikali, na ni mita ngapi mpaka lami.

Nasema hekta kwa sababu dalali husema "50 kwa 100" kwa kila kitu. Futi 50 kwa 100 ni mita 15.24 kwa 30.48, yaani hekta 0.0465. Thumni ya ekari ni 0.0506. Ukiona 0.0405 hiyo ni sehemu ya kumi ya ekari, na ukiona 0.0297 umepewa 40 kwa 80. Kwa nyumba ya kuishi utajibana ukae. Kwa maduka yanayohitaji maegesho mbele na shimo la maji taka nyuma, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mchoro wako utaingia au hautaingia.

SabakiKaskazini
Mambrui bila kufikiri mara mbili. Bei bado iko chini, lami ipo, na magari yote ya Garsen, Witu na Lamu yanapita hapo. Malindi mjini pameshajaa, mji utavuka mto Sabaki upende usipende.

TuktukBarani
SabakiKaskazini, gari linalopita kwenda Lamu halinunui nusu kilo ya sukari. Linapita. Duka la mtaa linaishi kwa watu wanaorudi kwa miguu na kwa tuktuk jioni, kuanzia saa kumi na mbili. Na kwenda na kurudi Malindi njia ya moja kwa moja ni daraja moja tu la Sabaki. Lori la chumvi la kutoka Gongoni au Marereni likiharibika pale, foleni inafika mbali, na nauli ya bodaboda inapanda saa ile ile.

Ndugu Mfurunzi, simama mbele ya kila ploti jioni moja, hesabu watu wanaopita kwa nusu saa. Uangalie na upande: magari yetu yanakwenda kushoto, kwa hiyo anayetoka mjini kurudi nyumbani anasimama kirahisi kwenye duka lililo kushoto kwake. Duka la ng'ambo litauza asubuhi maandazi na mkate, jioni wengi watakuwa wamelipita.

Mfurunzi
Ahsanteni. Msabaha ni 0.0405, hati mama, wanasema hati za ploti zitatoka baada ya miezi sita. Njia ni mita 9 kwenye brosha yao, mita 700 toka lami. Ganda ni 0.0465, ina hati yake, njia mita 6, kilomita moja na nusu ndani. Ya Mambrui nimetumiwa picha tu.

Muuzaji wa Msabaha anasema barabara kuu inapanuliwa mpaka Malindi, ni ule mradi wa barabara ya kutoka Bagamoyo, Tanzania, hadi Malindi, kwa hiyo bei itaruka.

KambaNaBikoni
Jina la mradi ni kweli linataja Malindi. Lakini awamu ya kwanza kwa upande wa Kenya ni Mombasa, Mtwapa, Kwa Kadzengo mpaka Kilifi. Haifiki Msabaha. Usilipe leo bei ya barabara ambayo awamu hiyo haiifikishi kwako.

Na hiyo "mita 9 kwenye brosha" ndiyo inayonitia hofu zaidi. Nikueleze jinsi njia inavyopotea, maana imetokea huku huku Pwani. Mahali na watu sitaji. Shamba la ekari sita lilikatwa ploti arubaini kwa mchoro wa karatasi. Kwenye mchoro kulikuwa na barabara nzuri ya mita tisa ikipita katikati mpaka lami. Wanunuzi wakalipa, wakaonyeshwa vigingi, wakaanza kujenga. Mutesheni, yaani mgawanyo rasmi wa ardhi, ilipokuja kusajiliwa, kilichokatwa ni ploti za nyuma tu. Kipande cha mbele kinachogusa lami kilibaki na hati yake peke yake, na ile "barabara" ikiwa ndani yake.

Baadaye mwenye shamba akakiuza kipande hicho chote. Aliyenunua alifanya sachi, yaani aliikagua hati kwenye ofisi ya ardhi, akaona hati safi isiyo na haki ya njia ya mtu yeyote, akajenga ukuta toka kona hadi kona. Watu wa nyuma wakabakiwa na uchochoro wa mita mbili unusu kando ya ua wa jirani. Tuktuk inapita kwa kujibana. Lori la mchanga halipiti, kwa hiyo saruji na mawe hushushwa barabarani yakaingizwa kwa mkokoteni, na gharama hiyo inaingia kwenye kila futi ya ukuta. Walio na maduka, gari la soda na la unga haliwafikii. Wanapigiwa simu wakachukue mizigo wenyewe kule kwenye lami. Gari la kunyonya maji taka nalo haliingii. Kesi ikaenda mahakamani, na mpaka leo mwenye ukuta ana hati na wao wana mchoro.

Kinga yake ni ya kabla ya kulipa. Kanunue nakala ya ile ramani ya eneo inayoitwa RIM kwenye ofisi ya upimaji, uitazame njia kwa kidole kutoka ploti yako mpaka lami, isikatike popote. Omba nakala ya mutesheni iliyosajiliwa, si mchoro wa kampuni. Kama njia inapita ndani ya ardhi ya mwingine, haki hiyo iwe imeandikwa kwenye hati ya huyo mwingine, sehemu ya vizuizi, si kwenye mkataba wako tu. Halafu mpeleke mpimaji aliyesajiliwa afukue bikoni, zile alama za mipaka zilizozikwa. Bikoni ya kweli ni chuma kwenye zege; kijiti chenye rangi nyekundu hakithibitishi kitu.

Na jambo moja kuhusu mitaa ya kampuni: uliza barabara za ndani zinakabidhiwa kwa umma au zinabaki za kampuni. Zikibaki za kampuni, greda ya kaunti haitakuja, na lango likifungwa usiku wateja wa nje hawaingii dukani mwako.

FundiMitaro
Kamba amesema ya karatasi, mimi niseme ya ardhini. Kilomita moja na nusu ya Ganda kwenye udongo mwekundu wa kichanga ni kazi kubwa. Kiangazi utaona njia safi. Masika, hasa mwezi wa Mei, maji yatafuata nyayo za magurudumu, yatachimba mifereji miwili, na katikati patabaki tuta la kugusa tumbo la gari.

Hesabu ya kuitengeneza: upana wa mita 5, maramu (udongo wa changarawe) au kifusi cha mawe ya matumbawe kilichoshindiliwa unene wa milimita 150, kila mita 100 ni mita za ujazo 75 zikishashindiliwa. Kwa kuwa kifusi hulegea kikipakiwa, agiza kama 100, yaani tipa kumi za mita za ujazo kumi kumi. Kwa kilomita moja na nusu ni tipa 150, na greda, na rola, na boza la maji, maana kifusi kikavu hakishiki. Mwinuko wa katikati uwe sentimita 10 hadi 12 juu ya kingo, na mitaro pande zote mbili. Watu hulipa kifusi wakaacha mitaro ili kuokoa pesa, na mvua ya kwanza inakichukua kifusi chote bondeni.

Kwenye mita 6 kuna shida nyingine. Ukitoa mitaro miwili ya nusu mita nusu mita, unabaki na mita 5. Lori na gari dogo vitapishana kama hakuna aliyeweka ngazi za duka njiani, na kwa kawaida ngazi zipo. Kona nayo iwe imekatwa angalau mita 3 kwa 3, ama sivyo lori refu litakwaruza ukuta wa kona kila wiki.

MamaKisima
Mwanangu Mfurunzi, wote wamekwambia habari ya barabara, hakuna aliyetaja maji. Malindi hatuna mtandao wa bomba la maji taka la mji, kila jengo na shimo lake. Vyumba nane juu na maduka manne chini vinajaza shimo haraka. Umbali unaotakiwa kati ya shimo na kisima ni kama mita 30, na ploti yako nzima ina urefu wa mita 30 na kidogo. Wewe ukichimba kisima, jirani wa kushoto, wa kulia na wa nyuma wote wana mashimo. Na sehemu zenye mwamba wa matumbawe ule mwamba una nyufa, uchafu hausubiri kuchujwa.

Kwa hiyo ulizia bomba la kampuni ya maji limefika umbali gani na mgao ni siku ngapi kwa wiki, kisha uweke matangi ya kutosha siku za ukavu. Karibu na bahari kisima kikichimbwa kirefu kinatoa chumvi. Mambrui uonje maji ya jirani kwanza.

SabakiKaskazini
Mama, shikamoo. Chumvi si kila mahali Mambrui. Ukiingia juu kidogo, mbali na ufuo, watu wanakunywa.

MamaKisima
Marahaba. Ndiyo maana nimesema aonje.

Bweni_la_Kati
Nyote mnamsukuma nje ya mji. Kwa milioni moja na laki mbili anaweza kupata nyumba bila ardhi, yaani jengo liwe lake na ardhi ya mwingine, ndani ya mji, wapangaji wapo tayari na tuktuk ziko mlangoni.

KambaNaBikoni
Kwa nyumba ya chini ya chumba na ukumbi, sawa, watu wa Pwani tumeishi hivyo miaka mingi kwa kulipa kodi ya ardhi. Lakini yeye anataka ghorofa. Mwenye ardhi hawezi kulazimishwa akuruhusu ghorofa, kaunti itataka idhini yake kwenye maombi ya ujenzi, na benki haikopeshi kwa jengo lisilo na hati ya ardhi. Hapo ataweka pesa juu ya kitu asichoweza kukiuza kwa bei yake.

Bweni_la_Kati
Basi atafute Kijiwetanga. Lami iko karibu na watu wapo.

KambaNaBikoni
Kijiwetanga ni pazuri kwa biashara. Akipata ploti karibu na uwanja wa ndege aulize mapema urefu wa jengo, kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga kinahitajika huko. Na ploti ikigusa barabara kuu, hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengewa barabara, mara nyingi ni mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati, ila isomwe kwenye ramani isikisiwe. Kufungua mlango moja kwa moja kwenye barabara kuu kunahitaji ruhusa ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Veranda ya duka ikiingia kwenye hifadhi, siku ya alama ya X nyekundu ya kubomolewa hakuna fidia ya ardhi hiyo.

Mfurunzi
Nimeelewa mengi. Ile ya Ganda, hati inasema ni ya kilimo. Hilo ni tatizo?

KambaNaBikoni
Si tatizo, ni hatua. Kwanza kibali cha bodi ya ardhi, ile inayoidhinisha mauzo ya ardhi ya kilimo. Maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu kutia saini mkataba, yasipopelekwa mkataba unabatilika. Kisha ombi la kubadilisha matumizi kwa kaunti chini ya sheria ya mipango ya 2019, likiwa na ripoti ya mtaalamu wa mipango na tangazo la kuwajulisha majirani. Pesa hizo ziongeze kwenye ile laki saba kabla hujailinganisha na Msabaha. Ada ya stempu, ile ya serikali ya kuhamisha ardhi, nayo ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani, uulize ploti imehesabiwa wapi. Na bado hujatuambia ni maduka ya nini. Duka la vifaa vya ujenzi linataka lori, kinyozi hataki.

Mfurunzi
Moja la vifaa vya ujenzi, mengine ya kupangisha.

FundiMitaro
Basi mita 6 za Ganda zifute, labda iwe ploti ya kwanza kutoka njia kubwa. Vyuma vya mita 12 haviingii kona ile. Na popote utakapochukua, mdomo wa njia weka kalvati, bomba la kupitisha maji chini ya njia, ya milimita 600. Wengi huweka 300, inaziba kwa mchanga msimu mmoja na maji yanapita juu.

TuktukBarani
600 kwa ploti moja ni kuharibu pesa. 450 inatosha ukiizibua kabla ya masika.

FundiMitaro
Kwa lango la ploti moja 450 nakubali. Kwenye mdomo wa njia inayobeba maji ya ploti arubaini, hapana. Na juu yake pawe na udongo ulioshindiliwa wa sentimita 30 angalau, lori la kokoto lisije likaivunja siku ya kwanza.