Darasa la Kireno linanielemea: nifanyeje nisibaki nyuma?

Binti wa Mikindani

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi ni mfanyabiashara wa vitenge kutoka Mtwara, na tangu mwanzoni mwa mwaka huu naishi Pemba, ile ya Msumbiji na si ya kisiwani. Nimejiandikisha katika darasa la Kireno la jioni, siku tatu kwa wiki. Sokoni mambo yangu yanakwenda kwa Kiswahili na Kimwani, lugha ya pwani ya huku, lakini kila ninapofika forodhani au ninapotakiwa kutia saini karatasi yoyote, inanibidi nimlipe mtu anisomee, nami nimechoka kusaini nisichokielewa.

Huu ni mwezi wa tatu. Mwalimu akiandika ubaoni naelewa, ila akiyatamka maneno yale yale siyatambui. Vitenzi navyo hubadilika mwishoni kwa kila nafsi: *falo, falas, fala, falamos, falam*, yaani nasema, unasema, anasema, tunasema, wanasema. Wenzangu kadhaa ni Wakongo wanaojua Kifaransa, nao hudaka mambo haraka, hivyo mwalimu huendelea mbele kabla sijashika la kwanza. Wiki iliyopita nilitaka kumtaja babu, nikamtaja bibi, kwa kuwa *avô* na *avó* sikioni mwangu ni neno moja. Darasa zima lilicheka, na tangu siku hiyo sijanyoosha mkono. Aliyepita njia hii anishauri, tafadhali.

Mkalimani wa Ruvuma

Dada yangu, pole, na hongera kwa kufikia mwezi wa tatu. Nianze na hilo la babu na bibi, kwa sababu nadhani limekuumiza bure. Kiswahili kina irabu tano tu, na o yetu ni moja. Kireno kina o mbili, na sikio lililokuzwa na moja haliwezi kuzitenganisha mpaka lizoezwe. Katika *avô* midomo hukazwa kana kwamba unakaribia kusema u, na katika *avó* mdomo hufunguka zaidi. Vivyo hivyo kwa *pau*, yaani mti au fimbo, na *pão*, yaani mkate: tamka *pau*, kisha rudia huku ukiiachia pumzi ipite puani, bila kufumba midomo ikawa m wala kugusisha ulimi ikawa n. Fanya hivyo nyumbani dakika kumi kila siku, kwa sauti, kabla ya kufungua daftari.

Kuhusu vitenzi, usikubali kujiona mtu wa nyuma mbele ya wanaojua Kifaransa. Wewe tayari unasema *nasema, wasema, asema*. Nafsi umezoea kuiweka mwanzoni mwa kitenzi, na Mreno anaiweka mwishoni. Kuna jambo jingine ambalo wageni wengi hulihangaikia, nalo ni umbo la kutaka au kuagiza. Sisi husema "anasoma", lakini "nataka asome", ile a ya mwisho ikawa e. Kireno husema *ele estuda*, lakini *quero que ele estude*. Ni a na e zile zile, mahali pale pale! Vitenzi ambavyo kamusini huishia kwa *-er* na *-ir* vyenyewe huenda kinyume, kwani *come* (anakula) huwa *coma* (ale), lakini ukishaushika mlango wa kwanza, wa pili haukutishi.

Siku za wiki pia zitakusumbua usipozipanga mapema. *Segunda-feira*, siku ya pili, ni Jumatatu yetu, kwa kuwa wao huhesabu kuanzia Jumapili na sisi kuanzia Jumamosi. Hesabu hukutana Alhamisi tu, kwa sababu jina hilo tulilichukua kwa Waarabu, ambao nao huhesabu tano kuanzia Jumapili: *quinta-feira*.

Mwalimu Mstaafu

Nakubaliana na ndugu Mkalimani kwa mengi, ila naomba kuongeza tahadhari. Wanafunzi wengi wa kwetu hufurahi kukuta kwamba *os livros novos* hupatanishwa kama "vitabu vipya", kisha wakadhani jinsia ya nomino itajionyesha yenyewe kama ngeli inavyojionyesha. Haijionyeshi kila mara. *Mão*, yaani mkono, ni ya kike na *pão* ni ya kiume. *Dia* (siku) na *problema* (tatizo) huishia kwa a na bado ni za kiume. Kwenye wingi ni vivyo hivyo, -ão hugeuka kwa njia tofauti: *mãos*, *pães*, *limões* (malimau). Kwa hiyo usiandike kamwe neno peke yake daftarini. Andika *a mão, as mãos*, ulikariri hivyo lote.

Maneno tuliyoyapokea kutoka kwa Wareno, kama meza, bendera, leso na mvinyo, yatakuliwaza, lakini mengine yamehama maana. Gereza letu linatokana na *igreja*, ambayo ni kanisa.

Mama Vitenge

Mdogo wangu, mimi sina sarufi ya kukupa. Mimi nilimfuata mwalimu wangu baada ya kipindi, tukiwa wawili, nikamweleza kwamba naachwa, nikamwomba aniruhusu kumkatiza kwa maneno mawili: *mais devagar*, yaani polepole zaidi. Alifurahi, maana alidhani ukimya wangu ni kuelewa. Halafu nilianza kumpelekea zile karatasi zangu mwenyewe, na darasa likajifunza *factura* (ankara), *prazo* (muda uliowekwa), *assinatura* (saini) na *alfândega* (forodha) kupitia mizigo yangu. *Apelido* katika fomu za huko ni jina la ukoo; nilikuwa nikiandika jina la utani, kwa sababu aliyenifundisha kwanza alikuwa amejifunza Kireno cha Brazili. Na pale sokoni, mchague mteja mmoja anayekuja mara kwa mara, mkubaliane kwamba naye utazungumza Kireno tu, hata mauzo yakichelewa.

Binti wa Mikindani

Nawashukuru sana, dada na kaka zangu. Hilo la *estuda* na *estude* nimelisoma mara tatu, kwa kuwa ndilo lililonifanya nikose jaribio la mwezi uliopita, na sikuwa nimeona kwamba kwetu lipo. Kesho ni *quarta-feira*, siku ya kipindi. Nitafika mapema nizungumze na mwalimu, na nitabeba ile hati ya forodha niliyoisaini juzi bila kuielewa, tuisome pamoja.