Lupusi imefika kwenye vali ya moyo: je, sindano za penisilini zitasaidia?

Furaha, Bagira (Bukavu):
Ndugu zangu, nawasalimu. Mdogo wangu anatibiwa lupusi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, na juzi daktari alisikia mvumo moyoni mwake, akaagiza ekografia, ambayo imeonyesha kwamba vali ya mitrali, mojawapo ya milango ya moyo inayopitisha damu, imenenepa na ina vinundu vidogo. Jirani yetu ana mtoto anayedungwa penisilini kila mwezi kwa ajili ya moyo, naye anatusihi tumwanzishie mdogo wangu sindano hizo hizo. Je, inafaa?

Muuguzi wa Ibanda:
Dada Furaha, pole sana. Bila shaka mtoto wa jirani ana homa ya baridi yabisi, ambayo hufuata maambukizi ya koo ya streptokoki wa kundi A: kinga ya mwili iliyoamshwa dhidi ya vijidudu hivyo hugeuka na kushambulia viungo na vali za moyo. Kila maambukizi mapya yanaweza kuongeza makovu, ndiyo maana hudungwa kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, na tafadhali mwambie mama yake asiruke hata sindano moja, hata mtoto akionekana mzima.

Kwa mdogo wako chanzo ni kingine. Vinundu vya lupusi, ambavyo madaktari Libman na Sacks walivieleza mwaka 1924, havitokani na vijidudu, kwa hiyo penisilini haiviondoi. Hatari yake ni kwamba kipande kinaweza kumeguka, kikasafiri na damu hadi kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Mwulizeni daktari kama amepimwa antibodi za antifosfolipidi, yaani chembe za kinga zinazoweza kufanya damu igande ovyo, ambazo mara nyingi huandamana na vinundu hivi, na kama anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda. Akipata homa, apimwe damu upesi, kwa sababu vali iliyoharibika inaweza pia kuvamiwa na vijidudu. Dawa zake za lupusi asiziache.

Furaha, Bagira:
Asante sana. Jirani nitamfikishia ujumbe leo hii. Mdogo wangu anatarajia kuolewa; je, ataweza kubeba mimba?

Mama Neema, Kadutu (mkunga):
Wengi wenye lupusi hujifungua salama, mwanangu, ila amwone daktari kabla ya kushika mimba, lupusi ikiwa imetulia. Akiwekwa kwenye warfarini, mojawapo ya dawa za kuzuia damu kuganda, aseme mapema kwamba anataka mtoto, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo, na daktari anaweza kumbadilishia heparini, ambayo pia huzuia damu kuganda.