Barua za marehemu mama kwa hati za Kiarabu: tuwape chuo au tubaki nazo?

Assalaam alaykum jamaa,

Nimerudi Toronto wiki iliyopita kutoka matangani Mombasa. Ndani ya kasha la marehemu mama tumekuta mkebe wa biskuti umejaa barua, Kiswahili kitupu, lakini kwa hati za Kiarabu. Qur'ani naisoma, ila barua hizi zanipiga chenga. Mwalimu wa binti yangu chuoni ameziomba azifanyie utafiti, naye anataka zenyewe, si picha. Naombeni ushauri kabla sijatia saini.

Ndugu yenu, Toronto

---

Waalaykum salaam kaka, na pole sana kwa msiba. Mola amrehemu mama.

Usitie saini bado. Nakwambia kwa uchungu: daftari la tungo za babu yangu lilichukuliwa na mtafiti kwa ahadi ya kurudishwa, na hadi leo twalisikia tu.

Kwamba zakupiga chenga si ajabu. Hati za Kiarabu hazina p, v wala ch, basi wazee waliandika b, f na sh. U na o zilichukua alama moja, e na i vivyo hivyo, na m au n ya mbele ya konsonanti mara nyingi haikuandikwa. Neno lilelile waweza kulisoma kupa, kopa, kumba au komba. Aliyekulia ndani ya lugha hakupata tabu.

Pwani wameandikiana hivi kwa karne nyingi; barua za Kilwa za 1711 zimo Goa, India, mpaka sasa. Kisha wakaja wakoloni na maamuzi yao. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, 1930 kamati ya lugha ikaanza kazi, na vitabu vya shule vikawa vya herufi za Kirumi. Miaka hiyohiyo, Mombasa hiyohiyo, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa akitoa gazeti lake, Sahifa, kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Nyanya yangu alichovywa dole gumba kwenye wino kama mtu asiyejua kuandika, naye kila Ijumaa baada ya Laasiri alikuwa akiandika barua! Jambo hili bado laniuma.

Kwa hiyo utafiti wenyewe nauunga mkono kabisa. Marehemu Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa alifanya kazi hii miaka mingi hapa London, katika chuo kikuu cha SOAS, akapendekeza hata herufi za kuziba yale mapengo ya hati za Kiarabu. Lakini yataka mjuzi wa hati, mjuzi wa Kimvita, lahaja ya Mombasa, mjuzi wa historia, na mtu wa nyumbani anayejua "yule wa kwa bi mdogo" ni nani. Huyo wa mwisho chuo hakina. Ni nyinyi.

Piga picha kila ukurasa, mbele na nyuma, pamoja na bahasha, maana muhuri wa posta hutoa tarehe. Usizifunike kwa plastiki ya moto. Tafuta mzee aliye hai azisome kwa sauti umrekodi, na iwe mwaka huu. Chuo wape nakala, kwa maandishi: majina ya walio hai yafichwe (mle mna siri za ndoa na madeni ya watu), nakala moja ya kazi irudi Mombasa, na binti atajwe kuwa mtafiti, si mleta mkebe.

Dada yako, London

---

Dada, Mungu akulipe.

Jana nimempigia mama mdogo kwa video, nikamwekea barua moja mbele ya kamera. Mimi nilikuwa nimesoma "nyanya yako amekopa mkufu", nikawa najiuliza alikopa kwa nani. Akanikatiza: "Amekupa, baba. Amekupa mkufu." Barua ilikuwa ya harusi ya mama. Mkufu huo mke wangu anao, na hatukujua umetoka wapi.

Amesoma tatu, akachoka. Tunaendelea Jumamosi. Binti ndiye anayerekodi.